Nyumba ina bima, lakini vitu vya ndani je?

Moto ulianzia nyuma ya friji, saa tisa usiku. Rafiki yangu, mama wa watoto watatu anayeishi Kimara hapa Dar es Salaam, aliamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Walitoka wote salama, yeye, mumewe, watoto na dada wa kazi, na hilo ndilo la kwanza tulilomshukuru Mungu. Majirani walikuja na ndoo na mchanga. Gari la zimamoto lilipofika, jiko lilikuwa limekwisha na paa la sebule limeshashuka.

Asubuhi nilimkuta mumewe amekaa juu ya tofali uani, uso umejaa masizi. Nilitafuta maneno ya kumpa pole, yeye ndiye akanituliza mimi.

"Usijali, shemeji. Nyumba hii ina bima. Benki inatukata kila mwaka."

Alikuwa anasema kweli. Walichukua mkopo wa kumalizia nyumba, na kila mwaka benki ilikuwa ikikata ada ya bima kwenye akaunti yao. Lakini miezi mitatu baada ya moto, walilipwa shilingi milioni 9.5. Kurudisha jiko, sebule na paa kulihitaji milioni 25. Na kwa friji, makochi, televisheni, nguo, vitanda na sare za shule za watoto hawakulipwa hata shilingi moja.

Nilidhani wamedhulumiwa. Nikaomba nakala ya mkataba, nikakaa nayo jioni mbili mezani. Hakuna aliyewadhulumu. Kila kilichowapata kilikuwa kimeandikwa mle tangu siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba mkataba ulikaa kwenye faili la benki, na wao walikuwa hawajawahi hata kuuona.

Wiki hii nataka tuufungue mkataba huo pamoja. Sheria haimlazimishi mwenye nyumba ya kuishi kukata bima kama inavyomlazimisha mwenye gari, na wengi wetu hatuna. Lakini ninaowahurumia zaidi ni wale wanaolipa kila mwaka huku wakiamini wamekingwa kwa jambo ambalo mkataba wao haulitaji kabisa.

JENGO NI KITU KIMOJA, VITU NI KINGINE

Tunaposema "nyumba", tunamaanisha kila kitu: kuta, paa, kitanda, sufuria. Kampuni ya bima haisemi hivyo. Kwake kuna jengo, na kuna vitu vya ndani, na kila kimoja kina kiasi chake na ada yake. Unaweza kukata bima ya kimoja bila kingine. Benki iliyowakopesha rafiki zangu ilitaka kulinda kilichowekwa dhamana, yaani jengo. Makochi yenu benki haina haja nayo.

Ukitaka kujua kitu kiko upande gani, chukulia kwamba nyumba imeinuliwa, ikapinduliwa juu chini na kutikiswa. Kinachodondoka ni cha ndani. Kinachobaki kimeng'ang'ania, kama vigae, milango, makabati ya jiko yaliyojengewa ukutani na sinki, kwa kawaida ni sehemu ya jengo. Vilivyoko uani ndivyo vinavyoleta ubishi: uzio, geti, tanki la maji na mnara wake, pampu ya kisima, paneli za sola, banda la uani analolala kijana wa shamba. Usidhani vimo. Uliza, kisha hakikisha vimeandikwa.

Kwa wapangaji, habari hii inawahusu pia. Jengo ni la mwenye nyumba, na hata akilikatia bima, bima yake hailipi kitanda chako. Lakini wewe unaweza kukata bima ya vitu vyako peke yake, na ada yake ni ndogo kuliko ya jengo zima. Nimekutana na familia nyingi za wapangaji ambazo mali yao yote duniani ni vitu vilivyomo kwenye vyumba viwili na sebule, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba jambo hili linawezekana.

MILIONI 25 ZILIGEUKAJE MILIONI 9.5?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na naomba tusiharakishe.

Mkataba wa rafiki zangu ulisema jengo limekatiwa bima kwa shilingi milioni 40. Kwa nini 40? Kwa sababu mkopo ulikuwa milioni 40. Mtu aliyejaza fomu alichukua tarakimu ya mkopo akaiweka kwenye nafasi ya thamani ya nyumba. Baada ya moto, mkadiria hasara aliyetumwa na kampuni alipima nyumba yote na kuandika kwamba kuijenga upya leo, kuanzia msingi mpaka bati, kungegharimu milioni 100.

Sasa soma hesabu hii taratibu. Nyumba ya milioni 100 ilikatiwa bima ya milioni 40, maana yake imekingwa kwa asilimia 40. Kwa macho ya kampuni, asilimia 60 iliyobaki mwenye nyumba ameamua kuibeba mwenyewe. Kwa hiyo hasara yoyote ikitokea, hata ndogo, kampuni inalipa asilimia 40 yake. Asilimia 40 ya milioni 25 ni milioni 10.

Shemeji yangu alibisha sana hapa, na nadhani wengi wetu tungebisha. "Lakini hasara ni milioni 25, na bima yangu ni ya milioni 40. Milioni 25 si inaingia ndani ya 40?" Haiendi hivyo. Kipengele kinachosema hasara italipwa kwa uwiano kimo karibu katika kila mkataba wa bima ya mali, nacho ndicho kinachowaumiza watu kuliko kipengele kingine chochote ninachokijua. Kampuni inapanga ada ikichukulia kwamba umetaja thamani kamili. Ukitaja nusu, umelipia nusu.

Laki tano iliyobaki je? Hicho ni kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe katika kila tukio, wenyewe huita eksesi. Kimeandikwa kwenye karatasi ya mwanzo ya mkataba. Wakati mwingine ni tarakimu kamili, wakati mwingine ni asilimia ya hasara, na kinaweza kutofautiana kati ya moto, mafuriko na wizi. Milioni 10 ukitoa laki tano unabaki na 9.5.

Basi kiasi sahihi ni kipi? Si kiasi cha mkopo. Si bei ambayo ungeuzia nyumba pia, kwa sababu bei hiyo ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Mtu mwenye nyumba ndogo kwenye kiwanja cha thamani akiandika bei ya kuuzia, atalipa ada ya ardhi isiyohitaji bima. Kiasi sahihi ni gharama ya kuijenga nyumba ile ile leo, pamoja na kusafisha kifusi na ujira wa wataalamu.

Na neno "leo" lina uzito kwetu, kwa sababu tunajenga kidogo kidogo. Msingi mwaka huu, kuta baada ya miaka miwili, bati wakati fulani mbele, vigae mtoto wa kwanza akimaliza darasa la saba. Ukimuuliza baba nyumba imemgharimu kiasi gani, anajumlisha risiti za miaka kumi, saruji ya bei ya zamani na nondo ya bei ya zamani. Hiyo si gharama ya kuijenga leo. Ukiweza, mlipe mkadiriaji majenzi akupe hesabu ya maandishi. Ukishindwa, angalau mwite fundi unayemwamini, mpige hesabu ya vifaa kwa bei za duka za mwezi huu, na mrudie hesabu hiyo kila mnapohuisha bima.

Kwa vitu vya ndani kuna swali jingine la kuuliza: watalipa bei ya kitu kipya, au bei ya kitu kama kilivyokuwa kimechakaa? Televisheni ya miaka sita italipwa kama televisheni ya miaka sita, isipokuwa mkataba useme wazi kwamba utarudishiwa kipya. Bima ya namna hiyo ada yake ni kubwa kidogo, na orodha yako nayo iandikwe kwa bei za vitu vipya, la sivyo uwiano ule ule utakurudia.

SABABU NDIYO INAYOLIPWA

Watu huuliza, "Bima hii inalipa paa?" Swali linalofaa zaidi ni paa limeharibiwa na nini. Likiungua, linalipwa. Likiezuliwa na upepo wa dhoruba, linalipwa kama dhoruba imetajwa. Likianza kuvuja kwa sababu misumari imeoza na bati limechoka, halilipwi, hata kama maji yameharibu dari nzima. Bima ni ya jambo la ghafla ambalo hukulitarajia. Uchakavu, kutu, ukungu, nyufa za msingi uliojengwa vibaya, na mchwa (ndiyo, mchwa!) ni kazi ya mwenye nyumba.

Mkataba wa msingi kabisa ni wa moto, radi na mlipuko. Mengine huongezwa: dhoruba, mafuriko, tetemeko la ardhi, mabomba kupasuka, gari kugonga ukuta, fujo za watu. Kuna mikataba ya familia iliyokusanya karibu yote hayo pamoja, na mimi ndiyo ninayoipendelea kwa mtu mwenye watoto, lakini hata hiyo isome. Anayeishi bondeni karibu na Mto Msimbazi aanze na mafuriko, aone kama yametajwa, kama yamewekewa kikomo, na eksesi yake ni kiasi gani. Aliyeko Kagera atazame tetemeko. Wa Bukoba hawajasahau tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ilipotikisika kwa kipimo cha 5.9 na nyumba nyingi zikaanguka.

Umeme nao una ubishi wake. Umeme ukipanda ghafla ukaunguza friji peke yake, mikataba mingi hailipi friji hilo, kwa kuwa kifaa kimeharibika kwa umeme wake chenyewe. Lakini moto ukitoka kwenye friji ukashika pazia na dari, vilivyounguzwa na moto huo vinalipwa, kama vilikatiwa bima. Kuna kipengele cha ziada cha vifaa vya umeme ambacho unaweza kukiomba.

Wizi ndio wenye masharti mengi zaidi. Kwa kawaida kampuni inataka kuona alama za kuvunja: kitasa kilichong'olewa, nondo ya dirisha iliyokatwa. Ukiacha mlango wazi ukaenda dukani na simu ikapotea mezani, usitegemee kulipwa. Wizi unaofanywa na mtu anayeishi humo humo ndani, awe ndugu au mfanyakazi, mara nyingi umetolewa. Fedha taslimu na vito vya dhahabu vina kikomo kidogo. Na kompyuta mpakato ya kazini au simu ikiibiwa nje ya nyumba, bima ya vitu vya ndani haiifuati, isipokuwa umeitaja kwenye sehemu ya vitu vinavyobebwa.

Kuna sehemu moja ambayo wazazi tungepaswa kuipenda na hatuitazami: dhima kwa wengine. Moto wako ukivuka uzio ukaunguza kwa jirani, au mgeni akaumia kwa ukuta wako kuanguka, jirani na mgeni wanaweza kukudai. Baadhi ya mikataba ya familia inabeba madai hayo, na mingine ina kipengele cha dada wa kazi au mlinzi akiumia akiwa kazini kwako. Hapa Dar tunakojenga bati kwa bati, ningeanza kusoma mkataba kwa ukurasa huo.

ULICHOANDIKA KWENYE FOMU

Nani alijaza fomu yako ya maombi? Mara nyingi ni wakala, amesimama getini, anauliza maswali matatu na mengine anajikisia ili usichoke. Kisha unaweka sahihi, na majibu yale ni yako, hata yale usiyoyajua. Bima imejengwa juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Ukificha jambo ambalo lingeifanya kampuni ipandishe ada au ikatae, wana haki ya kukataa kukulipa.

Jambo linalofichwa sana mtaani kwetu, wala si kwa nia mbaya, ni fremu. Nyumba ni ya kuishi, lakini mbele kuna fremu mbili: moja saluni, nyingine inauza mitungi ya gesi. Fomu inasema "makazi". Au mama ameanzisha darasa la watoto wadogo sebuleni, au anaoka keki za kuuza kwa oveni kubwa mbili. Hakuna ubaya wowote, ila iseme. Ada itaongezeka kidogo, lakini siku ya moto hakutakuwa na mtu wa kukuonyesha fomu na kukuuliza kwa nini hukutaja. Vivyo hivyo paa la makuti, hata kama ni la kibanda cha kupumzikia bustanini, litaje.

Halafu kuna nyumba tupu. Mikataba mingi hupunguza au kusimamisha baadhi ya kinga, hasa wizi, nyumba ikikaa bila mtu kwa muda mrefu, na siku 30 ndicho kipimo cha kawaida. Wanaopanda Moshi Krismasi na kurudi kabla shule hazijafunguliwa hawana shida. Lakini nyumba uliyojenga kijijini kwa wazazi, ambayo sasa ina funguo tu kwa jirani, hiyo iambie kampuni mapema.

Ukishalipa, na bima haianzi kabla ada haijalipwa, lipa kwa kampuni au benki kwa njia zinazoacha risiti, si kwenye simu binafsi ya mtu. Uliza kama ada uliyotajiwa imeshajumlisha VAT. Kisha hakiki bima yako kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Ni kazi ya dakika chache kwa simu hiyo hiyo unayosomea hapa. Mikataba mingi bado imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Huna sababu ya kuona aibu. Mwambie ofisa akueleze kwa Kiswahili kilichomo na kilichotolewa, kisha akuandikie kwa barua pepe au ujumbe, maana maneno ya mdomo hayasaidii siku ya madai.

SIKU YENYEWE

Watu kwanza. Zimamoto ni 114. Mali baadaye.

Kisha itaarifu kampuni siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa maandishi, hata kama hujui hasara ni kiasi gani. Wizi uripoti polisi upate taarifa ya maandishi. Moto, omba ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Piga picha kila kona kabla ya kusafisha. Rafiki yangu alifanya kosa ambalo mama yeyote angelifanya: asubuhi ile ile alianza kusafisha, na majirani wema wakabeba vilivyoungua hadi dampo. Mkadiria hasara alipokuja siku ya nne, sehemu ya ushahidi wa jiko ilikuwa haipo, wakabishana wiki nzima kuhusu makabati. Zuia hasara isiongezeke, funika paa kwa turubai, lakini mabaki yaache mpaka yaonwe.

Tofauti na hapo, jambo moja zaidi liliwashangaza: malipo hayakuja mikononi mwao. Jina la benki lilikuwa kwenye mkataba kama mpokeaji wa kwanza, kwa hiyo fedha zilipitia huko, na benki ikazitoa kwa awamu kadiri walivyoleta ankara za fundi. Mwenye mkopo alijue hili mapema, kwa sababu utahitaji fedha nyingine za kuanzia.

Usiporidhika na jibu, usikubali kuweka sahihi kwenye hati ya kumaliza madai kwa sababu tu umechoka kuzungushwa. Omba sababu kwa maandishi, ukitajiwa kipengele. Andika malalamiko kwa uongozi wa kampuni. Ukikwama hapo, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na unaweza kwenda mwenyewe na karatasi zako bila wakili.

Rafiki zangu hawakuwa na la kulalamikia kwa kampuni. Kwa benki waliuliza swali moja, kwa nini tarakimu ya mkopo iliwekwa mahali pa thamani ya nyumba, na hawajajibiwa vizuri mpaka leo. Jiko limesimama tena. Dari ya sebule bado. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilivyoungua wamevifuatilia upya RITA, na safari hii kila cheti kina picha kwenye simu ya baba na ya mama.

Mwezi uliopita bima yao ilifika wakati wa kuhuishwa. Jengo limeandikwa milioni 100, uzio na tanki vimetajwa, na wameongeza vitu vya ndani. Orodha waliitengeneza Jumapili baada ya ibada, chumba kwa chumba, mtoto wa kati akipiga picha na yule mkubwa akiandika bei. Iliwachukua saa mbili. Ada imepanda, na shemeji amelalamika sana, lakini amelipa, na nakala ya mkataba safari hii iko kabatini kwao.